Kawandi ya Konsesa

Konsesa alikuwa mwanamke wa kuonekana. Mabega mapana, kicheko cha kufika nyumba ya tatu, na ulimi ambao wachuuzi wa samaki wakavu waliuogopa kuliko mbwa. Katika kile kijiji cha Wasidi kilichojificha msituni juu ya mji wa Haliyal, kwa watu weusi ambao mababu zao walivushwa bahari wakiwa watumwa, wakakimbilia kwenye miti, hapakuwa na karamu iliyoiva bila yeye kuingia jikoni, akajifunga sari kiunoni na kumpa kila mwanamke kazi yake.

Mwaka ambao bintiye Rozalin aliposwa, ugonjwa ukamwingia.

Haukuja kwa kishindo. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyegombana naye, na mpunga ulikuwa umeshika vizuri. Mvua kubwa zilipoanza, Konsesa naye akaanza kuchelewa kuamka. Akawa anasimama kisimani na ndoo mkononi, hajui alichofuata. Wali ulipoungua mara ya kwanza, watu wa nyumbani walicheka. Ulipoendelea kuungua, kicheko kiliisha. Mvua zilipofika katikati, alikuwa analala ameupa ukuta uso, hali mpaka alishwe, haogi mpaka avutwe mkono. Akiulizwa anaumwa wapi, alisema haumwi popote, na hakuwa anadanganya. Alikuwa tu kama mtu aliyewekewa gunia la mpunga uliolowa kifuani, kisha akaambiwa apumue.

Watu hawakosi la kusema. Wengine walisema ni jicho la mtu. Wengine wakasema mizimu ya ukoo wa mumewe imesahauliwa chakula chake. Na wapo waliosema ni uvivu wa mwanamke aliyezoea kusifiwa, na hayo ndiyo yaliyomfikia pale pale kitandani, maana kuta za udongo hazizuii maneno.

Bostu, mumewe, alikuwa mkata miwa, mtu wa maneno machache. Aliivunjia mizimu nazi. Akamwita padri, padri akasali. Hali ilipobaki ile ile, akamshika mkewe mkono, akampandisha basi hadi hospitali ya mjini. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana, na aliuliza maswali mengi bila haraka. Mwishoni akawaambia ugonjwa huo una jina lake, sonona, na kwamba si uvivu wala si laana. Una dawa. Huenda ukaondoka, na huenda ukarudi, wasishtuke. Bostu alilirudia lile jina kimoyomoyo njia nzima ya kurudi, lisije likampotea.

Dawa zilimtoa Konsesa kitandani, lakini hazikumpeleka popote. Alikaa barazani kutwa, mikono juu ya magoti, akitazama kuku.

Mvua zilipokatika, wifi yake Lusiya alikuja. Lusiya alikuwa dada mkubwa wa Bostu, mjane, mshonaji ambaye kawandi zake, ile mifarishi ya viraka wanayojifunika Wasidi wote, zilijulikana kila kitongoji. Hakuwa mtu wa pole. Alilitua kutoka kichwani bonge la nguo kuukuu, akalibwaga mbele ya miguu ya Konsesa, vumbi likapanda.

“Mwanao anaolewa baada ya Pasaka,” alisema. “Ataingia kwa watu na nini, na gunia?”

Konsesa alijibu kwa sauti ndogo kwamba hawezi. Mikono ni mizito, kichwa hakipo. Ashone yeye Lusiya, ambaye ni fundi.

“Mimi si mama yake. Na sijakuuliza kama unaweza, wifi. Shika pembe hiyo.”

Konsesa akashika pembe, kwa sababu kubishana kulimchosha zaidi kuliko kushika. Walitandaza sari mbili za zamani juu ya sakafu iliyosiribwa kwa samadi, moja juu ya nyingine. Lusiya akachagua kipande cha kwanza, akakunja ukingo wake kwa ukucha wa kidole gumba, akakilaza pembeni kabisa na kuanza kupiga bandi, mishono midogo midogo ya mkono. Halafu akampa Konsesa sindano ya pili iliyokwisha tungwa uzi, akaendelea na kazi yake bila kumtazama.

Kawandi haina fremu wala mchoro. Huanzia pembeni, ikazunguka ukingo wote, ikarudi kuzunguka tena kwa ndani, kipande kikikaa juu ya ncha ya kipande, hadi mwenye kushona anajikuta amefika katikati. Konsesa alijifunza kushona akiwa msichana, kama wote, lakini hakuwahi kuwa mshonaji. Alikuwa mtu wa jiko na shamba, na kukaa chini kulimchosha. Sasa kukaa chini ndiko alikokuweza. Siku ile alishona urefu wa kiganja, akaiweka sindano. Lusiya hakumsifu. Alisema tu kwamba atakuja kesho.

Akaja kesho, akaja kesho kutwa. Konsesa aligundua jambo ambalo hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Kupika kulimtaka akumbuke moto, chumvi, maji, na watu wangapi wanakula. Shamba lilimtaka awaze mvua. Bandi haikutaka kitu isipokuwa bandi iliyo mbele yake. Sindano ikizama na kuibuka, kulikuwa na nafasi ndogo, nyembamba kama uzi wenyewe, ambamo lile gunia kifuani lilisogea kidogo akapata hewa. Nafasi hiyo ilitosha kumfanya aitafute tena.

Baadaye akaanza kuchagua rangi. Lusiya aliokota kipande cha kahawia akitaka kukiweka karibu na cha buluu, kile kilichokatwa kwenye sare ya shule ya Rozalin, na Konsesa akakizuia kwa mkono. Akachambua bonge lote mpaka akapata njano iliyopauka, kipande cha sari ambayo marehemu mama mkwe alikuwa akiendea kanisani, akakiweka pale. Buluu ikaamka. Lusiya alitazama, akatafuna tambuu yake, na kile cha kahawia akakirudisha kwenye bonge.

Majirani wakaanza kupitia. Walikuja kuazima jani la tambuu, wakakaa. Mmoja aliuliza kwa nini ameweka nyekundu nyingi upande mmoja, kama soko lililomwagika.

“Wewe ukiweka kidogo utaishiwa?” Konsesa alimjibu, bila kuinua macho.

Wanawake wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mvua kuanza kusikia ulimi ule. Yule aliyerushiwa maneno alienda nyumbani anatabasamu, akamweleza mumewe kwamba Konsesa amemtukana.

Lakini karibu na Noeli kulitokea jambo. Ndugu wa mchumba, watu wa kijiji cha upande wa pili wa msitu, walituma chupa ya mafuta ya mitishamba. Kijana aliyeileta alisema yanatoka kwa bibi yao Dumgi, ameyachemsha mwenyewe, apakwe mama wa bibi harusi asubuhi na jioni.

“Apakwe wapi?” Konsesa aliuliza, bila kujitambulisha.

“Mgongoni, mama. Si mnasema mgongo umemlaza?”

Konsesa alishukuru, akampa yule kijana chai na vitumbua, akamsindikiza hadi kwenye uzio. Aliporudi, Rozalin alikuwa amesimama kando ya mlango akichora chini kwa kidole cha mguu. Mama yake hakumfokea. Alimuuliza tu kama ni yeye aliyesema ni mgongo. Rozalin alikubali. Alisema kule wanaulizia kila kitu, ukoo, afya, tabia, na kama wangesikia mama ana ugonjwa wa kichwa wangesema hata binti atakuwa nao. Aliogopa Inas, mchumba wake, atakatazwa kumwoa.

“Ningekuwa na mgongo kweli, ungenionea huruma,” Konsesa alisema. “Hiki nilicho nacho umekionea aibu.”

Binti alilia. Mama hakulia, na Bostu aliposikia hivyo ndipo alipoingiwa na wasiwasi.

Baada ya Noeli, baridi ya asubuhi ilipoanza kukaa kwenye majani, ugonjwa ulirudi. Ulirudi kwa nguvu ileile. Konsesa alirejea ukutani. Kawandi ilibaki imekunjwa pembeni ikiwa imefika nusu, sindano imechomekwa pale pale ilipoishia. Na Lusiya hakuwepo. Alikuwa ameitwa Goa, ambako binti yake alikuwa anakaribia kujifungua.

Bostu alimrudisha mkewe kwa daktari, daktari akabadilisha dawa na kusema zitachukua wiki kadhaa kushika. Nyumbani, Bostu aliitazama ile kawandi. Aliwaza kwamba siku mke wake atakapoamka na kuikuta pale pale alipoiacha, itamwambia ni muda gani amepotea. Basi jioni moja alipotoka kwenye miwa alinawa mikono, akaikunjua, akaketi karibu na kitanda, akaanza kushona.

Hakuwahi kushika sindano maisha yake yote. Alijichoma. Uzi ulimfunga vifundo. Habari zikatembea, kama zinavyotembea, na alipopita kwenye kibanda cha chai wanaume walikuwa wamemngojea. Mmoja wao, jirani yake wa siku nyingi, alimuuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, sasa ataanza lini kuvaa sari.

“Nikishamaliza kushona,” Bostu alisema. “Nitakuja kuazima ya mkeo. Ile ya kijani, maana hii rangi yangu haipendezi na nyekundu.”

Wakacheka, yeye akanywa chai yake. Kesho yake walimuuliza tena, naye akawajibu tena, na baada ya hapo hakuna aliyeona utamu wa kuuliza.

Konsesa, uso ukutani, alisikia kila kitu. Alisikia uzi ukivutwa kwenye vitambaa vinne vilivyobebana. Alisikia mumewe akivuta pumzi kila alipojichoma, na akimwomba msamaha mama yake marehemu kila alipopitisha sindano kwenye sari yake. Siku zilienda hivyo. Halafu jioni moja, jua likiwa bado kwenye mlango, aligeuka. Aligeuka polepole, kama mtu anayeviringisha jiwe, akatazama kilicho mapajani mwa mumewe.

“Baba Rozalin,” alisema. Sauti ilikwaruza kwa kutotumiwa. “Hiyo ni bandi au ni nyayo za kuku?”

Bostu hakuinua kichwa. Aliogopa akiinua, kitu kitavunjika.

“Kuku angejitahidi zaidi,” alisema. “Unaharibu macho bure kutazama. Njoo uniaibishe.”

Hakwenda siku ile. Ila aliomba aletewe kawandi kitandani, akawa anafumua bandi za mumewe kwa ncha ya sindano, moja moja, akizungumza chini chini juu ya wanaume na mikono yao. Kufumua nako ni kazi. Kesho yake alifumua tena. Keshokutwa alishona urefu wa vidole viwili, akalala, akaamka, akashona. Ule mstari wa mwisho wa Bostu, uliopinda kama njia ya mlevi kando ya kipande cha buluu, alipoufikia aliuangalia kwa muda. Akauacha.

Dawa nazo zikaanza kushika. Siku mbaya hazikuisha. Zilikuja, akakaa nazo, akashona kidogo au asishone. Lakini alikuwa amejua sasa kwamba siku mbaya ni siku, nayo ina jioni yake.

Wakati Lusiya anarudi kutoka Goa, sehemu iliyobaki katikati ya kawandi ilikuwa ndogo kama sahani. Konsesa alimngoja ili wafunge pamoja. Alitia punje chache za mchele kwenye tundu la mwisho, mfarishi usije ukaishi na njaa, akalifunika kwa kipande chekundu na kukishona pande zote. Halafu pembe. Kawandi isiyo na phula, yale maua ya vitambaa vilivyokunjwa yanayopachikwa kwenye pembe nne, husemwa kuwa iko uchi, na hakuna mama wa Kisidi anayempeleka mwanawe kwa watu na kitu kilicho uchi. Konsesa alikunja tabaka juu ya tabaka, njano, nyeupe, zambarau, mpaka kila pembe ikasimama kama jogoo.

Lusiya aliinua kawandi kwa mikono miwili, akaigeuza nyuma atazame bandi, akaigeuza tena mbele. Mistari ilikuwa mingi na imebanana, inakwenda kama maji yanayozunguka yakitafuta katikati. Alipofika kwenye mstari wa Bostu alisimama, akamtazama mdogo wake, akaendelea. Kisha aliitupa begani ikamfunika mpaka visigino na kutoka nayo nje. Akapita nyumba hadi nyumba, kijiji kizima, akisimama kila mlango. Konsesa alibaki barazani akisikia sauti zikipanda huku na kule, na kwa mara ya kwanza tangu augue aliona haya ile tamu, haya ya mtu anayesifiwa mbali na macho yake.

Harusi ilifungwa wiki ya pili baada ya Pasaka. Baada ya misa, ngoma mbele, waliingia kijiji cha akina Inas, mizigo ya bibi harusi vichwani mwa shangazi zake: masufuria, mikeka, sanduku la bati, na kawandi juu ya vyote, imekunjwa kwa namna ya kuonyesha phula. Bibi Dumgi alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, mwembamba, macho bado makali. Ilikuwa haki yake kukagua, na hakuna aliyetaka kumnyima. Akaamuru ifunguliwe.

Ilipotandazwa uani, mazungumzo yalipungua. Dumgi aliinama, akapitisha kiganja kutoka pembe hadi katikati, akakirudisha.

“Nani kashona?”

“Mimi,” Konsesa alisema.

“Mwenye mgongo?” Dumgi alimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni. “Mama, mwenye mgongo hawezi kuinama juu ya kitu hiki miezi yote. Mimi mgongo ninao, naujua. Nani kashona?”

Konsesa alifungua mdomo, lakini Rozalin alimtangulia. Alikuwa amesimama kando ya Inas na maua kichwani, bibi harusi asiyetakiwa kusema siku ile zaidi ya alivyosema kanisani.

“Ni mama,” alisema. “Na haumwi mgongo, bibi. Mimi ndiye niliyedanganya. Anaumwa sonona, ugonjwa unaomwangusha mtu roho mpaka hawezi kuinuka. Kawandi hii yote ameishona akiwa nao. Kama mnaona ni aibu, semeni sasa, kabla sijavuka kizingiti.”

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Inas alimtazama mkewe kama mtu aliyegundua kwamba amepata zaidi ya alichoahidiwa. Konsesa alihisi macho ya watu wote wa uani yamemjia. Zamani angeyakwepa. Alinyoosha shingo, akayaacha yamtazame.

Kidole cha Dumgi kilikuwa kimefika kwenye kipande cha buluu.

“Na hapa?” aliuliza. “Hapa alishona nani, mbuzi?”

“Hapo ni mimi, bibi,” Bostu alisema kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu aliyeitiwa zawadi.

Kicheko kilianzia kwa wapiga ngoma, kikawashika wanawake, kikamfikia Dumgi mwenyewe akashika kiuno. Alipotulia alimwambia Rozalin avuke kizingiti, chakula kinapoa. Halafu alimvuta Konsesa mkono, akamkalisha kwenye mkeka karibu na kiti chake, na kwa muda wa mlo wote hakumwachia. Alimwambia kwamba dada yake wa tumbo moja alilala ameutazama ukuta vivyo hivyo, zamani sana, nao hawakuwa na jina la kuuita ule ugonjwa. Walimwita mvivu mpaka akafa. Alisema hayo bila kuteremsha sauti, na watu wa nyumba yake, ambao hawakuwahi kuyasikia, waliacha kutafuna.

“Nataka unishonee mimi,” alimalizia. “Ya kunifunika siku nitakayotolewa humu. Sitaki wa kwangu wanishonee, wana mikono ya haraka.”

Kwa Wasidi hakuna heshima kubwa kuliko hiyo kwa mshonaji, na wote waliosikia walielewa. Hata Lusiya, fundi wa vitongoji vyote, hakuwa amewahi kuombwa na mtu wa ukoo mwingine. Alikuwa amekaa hatua chache kutoka pale, akatikisa kichwa taratibu na kujitwalia kipande kingine cha nyama.

“Nitashona,” Konsesa alisema. “Ila usinikimbize, bibi. Nina siku ambazo siwezi kushika sindano.”

“Sikukimbizi,” Dumgi alisema. “Na mimi sina haraka ya kufa.”

Kawandi hiyo ilichukua zaidi ya mwaka. Mvua zilizofuata, ugonjwa ulirudi tena, na Konsesa aliwatangazia watu wa nyumbani kama mtu anayetangaza mgeni: amefika, mniandalie dawa, mnisogezee vitambaa. Aliyepita akiuliza anaumwa nini alitajiwa jina la ugonjwa, barazani, mchana kweupe, huku sindano ikiendelea. Alipoimaliza aliibeba kichwani mwenyewe kuvuka msitu, hakukubali mtu ampokee.

Dumgi aliikagua pembe zote, akatangaza kwamba ni nzuri mno kufukiwa ardhini, na usiku ule ule akaanza kujifunika. Anajifunika mpaka leo. Wajukuu wakimuuliza atazikwa na nini, anawaambia Konsesa bado yupo, ashone nyingine.